Kompyuta Iliyokaa Vichwani mwa Watu Watatu

"Ni kitu gani unakipenda, Rehema, ambacho hakina faida yoyote kwako?"

Shangazi yangu Mwanaidi aliniuliza hivyo mchana mmoja wa ukungu, nyumbani kwake Lushoto, akipangusa vitufe vya kompyuta yake kwa kipande cha kanga kuukuu. Mwanangu, naikumbuka siku hiyo kuliko siku niliyovaa joho la chuo kikuu. Wakati ule nilikuwa na jibu la kila kitu. Isipokuwa la swali hilo.

Nilikuwa binti wa kuuliza kwa nini. Nilimuuliza maalimu wa madrasa mpaka akaniomba nipumzike, nikawauliza walimu wa chuo mpaka wakawa wanapita njia nyingine wakiniona. Hata methali niligombana nazo. Nikiambiwa mwenda pole hajikwai, nilijibu kwamba nimeshajikwaa mara nyingi nikienda pole. Na tabia hiyo sijaiacha hadi leo. Methali ni kama nguo ya mtumba: ijaribu kwanza mwilini, usiibebe tu kwa kuwa muuzaji ameisifia.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na maduka ya Soni, mji mdogo wa jirani, yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti yakajaa redio kaseti, viatu, na sabuni zenye harufu ya nchi za watu. Kila mtu alitaka kitu kipya. Kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi tulikuwa tunajikuna kwa furaha. Nami nimetoka Dar es Salaam na shahada, nasubiri kazi, nakaa kwa shangazi na bintiye aliyekuwa shule ya msingi, na katika nyumba nzima kitu kilichonikera zaidi ni hiyo kompyuta.

Shangazi alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya mradi wa kuhifadhi udongo. Mzungu mmoja wa mradi alipomaliza muda wake alimwachia kompyuta yake ya nyumbani, ya aina iliyokuwa imeshapitwa na wakati hata huko kwao. Ilikuwa kibao cha vitufe tu, akili yake yote imo humo ndani, unakichomeka kwenye televisheni ndiyo iwe uso wake. Haikuwa na mahali pa kuweka kumbukumbu. Kazi yake ilihifadhiwa kwenye kanda za kaseti kama zile za taarabu, na ukizipiga zililia kama vyura waliobanwa na mlango. Masika moja unyevu ukaingia kabatini, kuvu ikazila kanda zote. Tangu hapo, ukiizima imesahau. Ukiiwasha, unaanza moja.

Na kilichoandikwa humo kilikuwa kitu kimoja tu. Zamani, baada ya saa za kazi, Shangazi na wenzake wawili wa ofisini walitunga programu ya kuchora milima yetu kwa vijiraba, yaani miraba midogo ya mwanga. Milima ikishasimama, ukungu unaanza kupanda kutoka bondeni, unafunika mabega ya milima, unafunika vilele, televisheni yote inakuwa nyeupe. Kisha unaondoka polepole. Basi. Haikuhesabu mshahara wa mtu wala kuchapa barua.

Kanda zilipokufa, waligawana mistari ya programu hiyo, kila mmoja akakariri fungu lake. Shangazi alichukua mwanzo, yaani anga na milima. Mwisho, ukungu unapoondoka, aliuchukua Bwana Hoza, aliyekuwa mpima ardhi wa mradi na sasa analima kabichi Lukozi. Katikati, pale ukungu unapopanda, palikuwa pa Bwana Ngonyani, Mngoni wa Songea. Yeye alikuwa karani wa mradi, kisha akapata kazi ya karani wa mizani katika shamba moja la chai huko Bulwa. Kila mwezi, Jumapili moja, aliteremka Muheza, akatafuta basi la Mombo, akaupanda mlima wetu hadi Lushoto, akaandika mistari yake, akanywa chai, kesho yake akarudi. Ilikuwa msaragambo wao: kila mtu anakuja na jembe lake, shamba linalimwa kwa pamoja.

"Kwa nini msiandike kwenye karatasi?" niliwauliza Jumapili ya kwanza niliyowakuta. "Mali bila daftari huisha bila habari."

Bwana Hoza alicheka hadi kofia ikamwanguka. "Hiyo ni mali, msomi. Hii umeiona ni mali?"

"Ni nini, basi?"

"Ni sababu ya huyu Mngoni kupanda mlima. Tukiiandika kwenye karatasi, atakuja kula kwa nani?"

"Mgosi, kwako sijawahi kula," Ngonyani alisema, akimwita bwana kwa Kisambaa. "Nimekula kabichi tu."

Waliongea hivyo, wakitaniana huku wanaandika kwa zamu, nje ukungu wa kweli umekaa mlangoni kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nami nilikaa pembeni nikiwaona watu wazima watatu waliopoteza akili.

Jumapili ya mwezi uliofuata Ngonyani alikuja na sanduku. Shamba lao la chai lilikuwa limepata mwenye mali mpya, wachumaji wengi na makarani wakaachishwa kazi. Alikuwa anarudi Songea moja kwa moja. Umri ulikuwa umeshamtupa mkono, na Songea si Muheza. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Bila mistari ya katikati, kompyuta ile ingechora milima kisha ikagoma. Ukungu usingepanda tena, na Bwana Hoza asingekuwa na cha kuondoa.

"Achukue huyu," Hoza alisema, akininyooshea kidole. "Ana kichwa kipya, bado hakijajaa mbolea."

Nilikataa. Nilisema nimetumia kompyuta za kisasa chuoni, kwamba hiki kidude kinapaswa kuwa jalalani. Nikauliza kina faida gani. Hapo ndipo Shangazi aliponiuliza swali lile, bila kunitazama, akipangusa vitufe vyake.

Nilitafuta. Nilipenda vitabu, lakini vilinipa shahada. Nilipenda mabishano, lakini nilipenda zaidi kushinda. Kila nilichokishika kilikuwa kimefungwa kamba ya kunivutia kitu kingine. Nikajiona kama muuza duka anayezunguka rafu zake mwenyewe, kila kitu kina bei.

"Huna," Shangazi alisema, kwa upole uliouma kuliko kofi. "Basi usikidharau cha mwenzio mpaka upate chako."

Ngonyani alikaa kwetu siku kadhaa kunifundisha. Nilipochukua kalamu aliiweka juu ya kabati, mahali ambapo mimi sifiki na yeye anafika.

"Bwana Ngonyani, shikamoo, lakini huu ni upuuzi," nilimwambia.

"Marahaba. Ni upuuzi kweli. Kaa."

"Kwa nini nisiandike?"

"Kikishaandikwa hakikuhitaji tena, mwanangu. Nawe hutakihitaji. Mtaachana kwa amani." Akacheka. "Sasa nisikilize."

Mistari yake ilikuwa namba tupu, zile zinazoambia vijiraba vyeupe vitokee wapi. Nilidhani atanikaririsha kama jedwali la kuzidisha. Badala yake aliniletea watu. Miaka yote ya mizani pale Bulwa alikuwa amezifunga namba zile kwenye makapu ya wachumaji, kila mmoja na uzito aliozoea kuuleta. Thelathini na nane alikuwa Mama Getruda kutoka Njombe, aliyechuma majani mawili na kichipukizi bila kuangalia mikono. Kumi na tisa alikuwa Tabu wa Kigoma, mvivu, lakini akiimba hata msimamizi anasahau kukemea. Arobaini na moja alikuwa Mzee Saidi Mbondei, ambaye kila siku alidai mizani inamwonea. Ngonyani aliziita namba hizo kwa sauti ile ile ya karani anayeita mbele ya foleni, na ukifumba macho ulisikia makapu yanashuka, chai mbichi inanukia, mtu anabisha, mtu anacheka. Nililala nikiwaota. Walikuwa wanapanda mlima kwa mstari, makapu mgongoni, na kutoka kwenye kila kapu kulikuwa kunatoka ukungu.

"Hawa wako wapi sasa?" nilimuuliza.

"Kila mtu kwao. Au njiani." Akagonga meza kwa kidole. "Endelea. Baada ya Mama Getruda nani?"

Siku ya kuondoka kwake, basi la Mombo lilikuwa la mchana. Bwana Hoza alifika asubuhi na kabichi mbili za safari, ambazo Ngonyani alizipokea kama mtu anayepokea msiba. Shangazi akawasha kompyuta. Aliandika anga, akaandika milima, vidole vyake vikienda kama mvua kwenye bati. Kisha akainuka, akanipa kiti.

Ngonyani aliketi nyuma yangu, viganja amevikalia ili visinisaidie. Nilianza. Wachumaji wakaja mmoja mmoja, wakaweka makapu yao kwenye kioo. Nikafika katikati nikakwama. Foleni ilikatika. Nilimwona aliyetangulia na aliyekuja nyuma, kati yao palikuwa peupe. Umeme ukapepesa. Ukikatika, kila kitu kimekwenda, na basi halimngoji mtu.

Nikafumba macho. Nikaacha kutafuta namba, nikamtafuta mtu. Na kutoka mbali nikamsikia anaimba, anakuja amechelewa, kapu lake jepesi kama kawaida. Tabu. Kumi na tisa. Nikaandika, na wengine wakaja nyuma yake.

Hoza akamalizia fungu lake. Shangazi akabonyeza kitufe. Milima ikasimama kwenye televisheni, na kutoka bondeni ukungu ukaanza kupanda, kijiraba kwa kijiraba, mweupe, wa taratibu. Ukafunika vilele, na kwa kitambo kidogo sikujua kama natazama kioo au dirisha. Kisha ukaondoka.

Ngonyani alifuta uso kwa leso. "Haya," alisema, "hao wachumaji sasa hakuna wa kuwaachisha kazi." Akabeba sanduku lake na kabichi zake mbili, tukamsindikiza stendi.

Kazi niliipata Tanga. Kila mwezi nilipanda mlima, kwanza kwa ahadi, baadaye kwa kiu. Kompyuta za ofisini zilikuja na kutupwa, mpya juu ya mpya, na hakuna hata moja ninayoikumbuka jina. Ile ya Shangazi vitufe vyake vilififia herufi, tukawa tunaandika kwa kuijua njia. Bwana Hoza alipofariki, mjukuu wake alikuja Jumapili na fungu la mwisho kichwani, pamoja na kabichi. Siku hizi huja hata vijana wenye simu za bei mbaya. Huketi sakafuni wakasubiri ukungu, na mmoja wao kila mara huuliza kitu hiki kina faida gani. Huwa namtengenezea chai.

Mwanangu, wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Hii nimeijaribu mwilini, imenitosha. Sikukatazi kipya, mimi mwenyewe nimevitumia na vimenilisha. Endelea pia kuuliza kwa nini, asikunyamazishe mtu. Ila usiulize faida tu, maana faida ni swali dogo. Chagua kitu kimoja ukipende bure. Chagua kitu ambacho peke yako hukiwezi, kinachokulazimu kumngoja mwenzio, kumlisha, kumtania, na kumbuka kwamba mwenzio naye anakungoja. Wakikuita mjinga, wakaribishe kiti. Mungu akupe mikono ya kukipokea, akupe na mtu wa kumwachia. Apandaye mlima kuja kwako asikute mlango umefungwa, nawe ukipanda kwa mwenzio ukute chai i motoni.

Shangazi Mwanaidi alifariki akiwa mzee sana, fungu la milima ameshamwachia binti yake, Zaina. Baada ya arobaini tulikuwa wawili tunakunja kanga zake, nikamwambia Zaina jinsi nilivyoogopa siku ile umeme ulipopepesa, kwamba ningekosea ukungu ungepotea duniani. Akanitazama kwa mshangao. Akasema alipokuwa mtoto, hata kabla sijaja kuishi kwao, mvua zikinyesha na wageni wasiweze kufika, mama yake alikuwa akikaa kwenye kompyuta ile akiandika mistari yote, ya kwake, ya Ngonyani na ya Hoza, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Kisha, kabla haijachora chochote, anaizima.