Swichi ya Maziwa

Kwetu Mbagala maziwa yalikuwa ya mtoto mchanga na ya mgonjwa. Mtu mzima akionekana na glasi ya maziwa, aliulizwa anaumwa nini. Mchuzi tuliunga kwa nazi, wali kwa nazi, maharage kwa nazi, na mama yangu alizoea kusema kwamba ng'ombe wake ameota nyuma ya nyumba. Halafu mimi nikaenda kuolewa na Mgogo.

Mara ya kwanza aliponipeleka kwao Dodoma, mama yake alinipokea kwa kibuyu cha maziwa yaliyokamuliwa asubuhi ile. Nilishafundishwa kwamba ukweni hakikataliwi kitu, basi nikanywa, nikaongezwa, nikanywa tena. Kabla jua halijafika utosini nilikuwa naijua njia ya chooni kuliko wenyeji. Shangazi yake mmoja akaanza kunitazama tumbo kwa matumaini, na habari zikazunguka uani kwamba mkwe kaja na mjukuu. Mchumba wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliona aibu mara mbili, maana ni mwalimu wa baiolojia. Nilijua fika kitakachonipata na bado nilikunywa.

Kilichonipata nakifundisha kila mwaka. Maziwa yana sukari yake, na utumbo wa mtoto hutengeneza kimeng'enya cha kuivunja. Maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye jeni, na jeni hiyo haipotei. Mtu anazikwa nayo. Ila mtoto akishaachishwa ziwa, mwili unaacha taratibu kuisoma, kama unavyozima taa ya chumba kisichokaliwa. Ndama hufanya hivyo, mbuzi hufanya hivyo, popo pia, na karibu kila mnyama anayenyonyesha. Mpe paka mkubwa bakuli la maziwa, atafurahi sana, kisha wewe utafua zulia.

Halafu kuna baadhi ya watu. Katika jamii kadhaa zilizoishi na ng'ombe vizazi na vizazi, lilitokea badiliko dogo, si ndani ya jeni yenyewe bali jirani yake, pale penye swichi, na taa ikabaki inawaka hadi uzeeni. Lilitokea zaidi ya mara moja, kwa wafugaji wa huku kwetu na kwa wa mbali, kila upande kwa namna yake. Nawaambia wanafunzi kwamba tofauti nyingi za mnyama na mnyama ziko hivyo. Maelekezo yanafanana kuliko tunavyodhani. Kinachotofautiana ni yanasomwa wapi, yanasomwa lini, na yanaachwa lini. Somo hufundishwa kwa Kiingereza, lakini nikifika hapo nahamia Kiswahili, kwa sababu nataka waelewe, si wakariri.

Mume wangu nilimweka moja kwa moja kwenye kundi la wenye taa. Tulipohamia Madale, jirani yetu alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na kila asubuhi mume wangu alimaliza glasi kubwa akiwa amesimama mlangoni, mimi nimekaa na chai yangu ya rangi nikimwangalia. Nilipenda kumwona hivyo kupita kiasi. Niliwatambia dada zangu. Wakija Jumapili nilimmiminia mbele yao ili waone mwanamume wa ng'ombe anavyokunywa, naye alikunywa yote, akafuta mdomo, akanitazama.

Mume wangu alifariki binti yetu akiwa bado ananyonya. Hilo siwezi kuliandika kwa urefu.

Waliokuja kunifariji walisema Mungu ameniachia sura yake. Haikuwa kweli. Mtoto ni mimi mtupu: paji langu, vidole vyangu vya miguu, hata namna ninavyonuna. Fotokopi, wanasema majirani, wakidhani wananisifu. Nilimtafuta baba yake kwenye uso ule kila siku na sikumpata, na hamu niliyokuwa nayo naye haikupungua kama nilivyoahidiwa. Hadi leo pikipiki kama yake ikizimwa nje ya geti, moyo unanilipuka.

Basi nikaweka tumaini kwenye utumbo. Najua inachekesha. Lakini badiliko lile mtoto akilirithi kwa mzazi mmoja tu linatosha, na nilijiambia kwamba ikiwa sura imegoma, huenda swichi imekubali. Watoto wote hunywa maziwa wakiwa wadogo. Suala ni nani ataendelea. Kwa hiyo kila asubuhi nilimmiminia glasi ya kwa jirani, na kila alipoimaliza bila neno nilihisi kuna mtu mwingine nyumbani. Akaanza shule, akang'oka meno, akaota mengine, akafika darasa la tano, na glasi bado inaisha. Sikuwahi kumwambia mtu kwa nini maziwa hayakosekani kwetu hata mwezi ukiwa mgumu.

Likizo ya Juni mama mkwe alikuja kututembelea kwa treni ya umeme, ambayo aliisifu njia nzima kutoka stesheni hadi Madale. Kesho yake asubuhi nilimmiminia mtoto maziwa kwa madaha kidogo, nikitaka bibi aone damu yake. Mtoto akanywa, akaosha glasi, akaondoka. Baadaye nilimkuta sebuleni amelala kifudifudi, tumbo na shavu kwenye marumaru, bibi yake amesimama kando ameshika kiuno.

"Huyu tumbo linamkata," mama mkwe aliniambia. "Eti analala chini kwa sababu ya joto. Joto gani hili la Juni? Baba yake naye alikuwaga anasema ananyoosha mgongo."

Nikamwambia haiwezekani, baba yake alikunywa maziwa maisha yake yote. Mama mkwe akakaa kwanza kwenye kochi, kisha akanijibu polepole, kama ninavyoongea na mwanafunzi aliyeshindwa kitu chepesi. Alisema kijana wake aliacha kupatana na maziwa freshi tangu alipoanza kuchunga. Mgando, yale yaliyoganda na kuchachuka, hayakumsumbua. Haya ya moto kutoka kwa ng'ombe ndiyo yalimtesa. Lakini mtoto wa kiume kwenye nyumba ya ng'ombe angesema nini? Alikunywa, kisha akaenda kujilaza nyuma ya zizi mpaka yapite. Yeye kama mama alijua, akawa anampa mgando bila kumuuliza. Alidhani na mimi nilijua.

Niliona Jumapili zetu, dada zangu wameshaondoka, na yeye kifudifudi kwenye sakafu hii hii akilalamika kwamba kiti cha ofisini kitamuua mgongo. Nami nilikuwa nakaa kando yake namkanda. Ndoa nzima nilimkanda mgongo usiouma. Taa yake ilizimwa zamani kama yangu, na mimi, mwalimu mzima, nilisoma kabila la mtu nikadhani nimesoma jeni zake.

Nikapiga magoti nikamuuliza mtoto tumbo lilianza kumsumbua lini. Akasema zamani, tangu darasa la tatu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, na kwa nini alikuwa anamaliza glasi yote. Alinitazama kwa macho yangu mwenyewe, ambayo hayana chochote cha baba yake.

"Nikimaliza unafurahi, mama," alisema. "Unafurahi siku nzima."

Mama mkwe alijifuta macho kwa pindo la kitenge na kuangalia dirishani. Mimi nililala chini kando ya mtoto, kwenye marumaru ya baridi. Nilimtaka baba yake, nikamwona, nikamwona kabisa, kuliko nilivyowahi kumwona akiwa hai. Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikaanza kumkanda mtoto mgongo.

"Mama," alisema, na hakugeuka. "Si mgongo. Ni tumbo."