Kamba ya Mama

Ukizaliwa kwenye laini, nyumba za vibarua wa shamba la mkonge huku Voi, katani unaijua kabla hujajua kusoma. Mama alikuwa akiokota nyuzi zilizokataliwa kule kiwandani zinakopigwa brashi, jioni anazisokota pajani, mpaka ngozi ya paja lake ikawa ngumu. Kamba zake zilifunga mbuzi na kuteka maji, na mtu akifa lainini, ndizo zilizomshusha kaburini. Hiyo ndiyo desturi yetu. Kamba ya maziko hatununui.

Ndugu yangu mdogo alipokwenda pwani kuvua samaki, Mama alimsokotea kamba ya nanga, nene, akaipaka mafuta ya ng'ombe. Sisi watu wa bara bwana, tunajua katani ya juani tu. Mbuzi akinyeshewa leo, kesho kamba imekauka. Baharini haikauki. Mwenzake wa kazi, mzaliwa wa huko, alimwambia atafute ya makumbi ya nazi, ambayo inavumilia maji ya chumvi, au anunue nailoni kama wengine. Akakataa. Alisema hii ni ya mama.

Ikaoza ndani, nje bado inang'aa. Siku moja ya upepo mkali ilikatika akiwa peke yake ndani ya mashua, mashua ikaenda kupasukia mwambani.

Mwenzake huyo ndiye aliyetuletea mwili, akanieleza yote nyuma ya nyumba. Nilimsihi asimwambie Mama. Tukakubaliana na mjomba tuseme wimbi lilipindua mashua, basi. Mama alisikiliza, akaketi mlangoni, akaanza kusokota kamba za kumshushia mwanawe. Hakula. Nilikuwa na hasira hata sijui na nani, pengine na bahari, pengine na yeye kwa kusokota vizuri vile.

Siku ya maziko alizileta mwenyewe, amezikunja mkononi. Alimkuta mjomba ameshapitisha nailoni ya buluu chini ya jeneza. Maskini, alidhani anamwonea huruma. Katani ile ilikuwa kavu, mpya, ingebeba jeneza bila taabu yoyote, na kila mtu pale makaburini alilijua hilo. Hata hivyo hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea, hata mimi.

Mama aliitazama nailoni, kisha akanitazama.

"Kumbe ilikatika," akasema.