Wametuchomea mabua ya Baba

Leo majirani wametusaidia, na bado natafuta nguvu ya kuwasamehe.

Tulimzika Baba wiki jana. Hapa Ainabkoi ukifiwa, watu hawakuachi na shamba peke yako. Asubuhi nikampeleka Mama kliniki. Kurudi, tukakuta moshi.

Mabua yote ya mahindi yamekuwa jivu.

Baba hakuwa anachoma. Miaka sita aliyaacha yaoze juu ya udongo, mpaka ukichimba kidogo tu unapata unyevu na minyoo, hata kiangazi. Majirani waliliita shamba la mvivu. Mahindi yake yakisimama wakati yao yamenyauka, walisema ni maombi ya Mama.

Mzee Kiprono, jirani wetu, masizi mpaka kwenye nyusi, akamshika Mama mkono. "Mama Chebet, tumekusafishia. Hatukutaka watu waseme marehemu aliacha uchafu."

Nikafungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

(Niambieni, nyinyi mngesema nini hapo?)

Mama akawapikia chai, wote kumi na wawili. Walipokwisha kuomba, akauliza, "Nyinyi mabua yenu mmeshachoma?"

"Bado, Mama."

"Basi msichome. Leteni hapa. Mvua isikute udongo wa mzee wangu uko uchi."

 Mzee Kiprono akaligeukia lile jivu.

"Kwani alikuwa anayaacha makusudi?"

"Miaka sita, Mzee," Mama akajibu.

Akavua kofia. Hakumaliza chai. Alienda moja kwa moja kufunga punda kwenye mkokoteni.