Majina Yaliyohama Nyumba

Mnisamehe kwa tahajia mbovu na mwandiko wa kuparura. Niliishia shule ya msingi, na mkono wangu ni mzito.

Miaka ya tisini mjomba wangu alikuwa na chumba chenye kompyuta kule mtaa wa Magongo. Mimi na mwanawe tulikuwa tukijifunza humo C, lugha ya kuandikia programu. Mjomba akasema atakayeandika programu ya wageni wa harusi ya bintiye ndiye atakayeachiwa ufunguo wa chumba hicho. Niliiandika polepole. Siku moja nilipokwenda kuswali, binamu akainakili, akampelekea babake.

"Ni yangu," nikasema.

"Wewe? Hata salamu haikutoki kinywani, itakutoka programu?"

Wakacheka wote wawili.

Nilijua ameiba kitu ambacho hakijakwisha. Majina hukaa mfululizo kwenye kumbukumbu, na kielekezi hushika anwani yalipo. Yakizidi, unaomba nafasi zaidi kwa amri ya realloc. Ubavuni pakiwa wazi, hubaki palepale. Pakiwa na mwingine, huhamishwa yote, nawe hupewa anwani mpya. Mstari wa kuishika hiyo mpya nilikuwa bado sijauandika. Programu yake ingeendelea kupiga hodi nyumba ya zamani.

Na kwetu harusi haialikwi ikaisha. Kila siku hukumbukwa mtu, na aliyesahauliwa hununa mpaka kaburini. Siku ya kusomewa wazee majina, binamu alikaa mbele ya kompyuta kama bwana harusi. Nikamwendea mama mkubwa.

"Shikamoo. Watu wa Junda mumewaalika?"

"Marahaba. Wallahi tumewasahau! Hebu waandike hao, na jirani zao, na wale wa Bofu!"

Binamu akaandika, jina juu ya jina. Nikangoja. Alipoyaita yasomeke, kioo kikajaa vikorokoro vilivyopindapinda.

"Huyu mkia wa nge ni mgeni wa upande gani?" nyanya akauliza.

Chumba kizima kikaangua kicheko. Binamu akaninong'oneza, "Itengeneze, ndugu yangu."

"Sema kwanza ni ya nani."

"Yako."

"Sikusikia."

"Yako!" Safari hii hata mjomba alisikia.

Nikaandika mstari mmoja, anwani mpya ikashikwa. Majina yalikuwa yamepotea, kwa hivyo nikamwachia yeye ayaandike yote upya, mimi nimesimama nyuma yake, ufunguo alionikabidhi mjomba ukiwa mfukoni.

Sijamsamehe mpaka leo. Kila harusi tukikutana humuuliza, "Wa Junda wamefika?" Nawe msomaji uliyewahi kuibiwa kazi yako, niandikie uniambie ulilipiza vipi. Nitakujibu, ingawa polepole.