Beberu wa Arobaini

Katika ukoo wetu wote pale Miono, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kurudi na stashahada ya mifugo. Nilirudi pia na beberu wa mbegu bora, niliyemnunua kwa mshahara wangu mwenyewe, ili majike wa dada yangu mjane wazae mbuzi wa kuuza, naye ajenge nyumba ya bati.

Haukupita muda, babu yetu akafariki. Matanga yalipokwisha, mjomba alisimama zizini akimpima beberu kwa macho.

"Huyu ndiye wa arobaini," alisema.

"Mjomba, huyu si wa nyama. Ni wa kuzalisha."

"Umesoma mpaka umesahau hitima? Au ya babu yako tule dagaa?"

Watu walicheka. Dada aliinamisha uso. Tungekataa, ukoo ungetutenga. Tungekubali, dada angebaki kwenye makuti yake. Chuoni sikufundishwa somo la mjomba.

Nilikubali. Lakini nilijua, na hakuna mwingine kijijini aliyejua, kwamba siku zilizobaki kabla ya arobaini zilitosha majike wote wa dada kushika mimba. Nilimfungia beberu pamoja nao mpaka asubuhi ya kuchinjwa.

Vitoto vilivyozaliwa vilikuwa na masikio marefu ya baba yao. Dada alivibeba kimoja kimoja, akicheka. Mjomba naye akaja kutupongeza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba." Alimpapasa mgongo dume aliyenona kuliko wote. "Huyu mtunzeni vizuri. Atafaa maulidi."