Faili za Walioachishwa Kazi

Nilikuwa natunza faili za walioachishwa kazi, katika ofisi ya bima ya wafanyakazi pale Kamembe. Asubuhi moja ofisa wa komini, yaani utawala wa eneo letu, alikuja kuomba majina ya walioachishwa kwenye kinu cha mpunga.

“Maman, sisi wote si serikali?” akaniuliza.

“Ndiyo, Mzee. Lakini hawa watu walitueleza sisi mambo yao. Niletee barua inayosema majina ni ya kazi gani.”

Mume wangu mwenyewe alikuwamo katika orodha hiyo, naye hakutaka majirani wajue. Wiki iliyofuata barua ikaja: komini ilitafuta vibarua wa barabara ya Nyakabuye. Tuliwauliza walioachishwa wenyewe kwanza kama tutoe majina yao. Wengi walikubali. Mume wangu pia, na Jumatatu aliondoka na jembe begani, akipiga mluzi.