Neno Alilofundishwa Kidevu

Kikosini walimwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haukuwa na likizo. Hata handakini, risasi zikipita juu, yeye alikuwa anaigiza sauti ya sajenti mpaka sajenti mwenyewe anacheka. Kabla ya jeshi alikuwa fundi viatu. Walipompa buti zinazombana akasema, "Adui ninaye tayari, yuko miguuni."

Siku risasi zilipowaishia, walitoka mikono juu. Wote isipokuwa Kasuku, maana mikono yake ilikuwa imembeba shemeji yake, mume wa dada yake, goti limepasuliwa na kipande cha bomu. Wakafungiwa kwenye ghala la zamani la saruji. Vumbi! Ukikohoa humo, unatoa ukuta.

Mlinzi wao walimpa jina la Kidevu, kwa kuwa kidevu chake kilikuwa kinafika kabla ya mwenyewe. Shemeji alipoomba maji, Kidevu alileta kikombe kimejaa, akakiinamisha taratibu mbele ya midomo ya mgonjwa. Maji yote chini. Akacheka na kuondoka zake. Shemeji hakuiona kesho.

Kasuku hakulia. "Huyu ataniomba msamaha," alisema. "Ataomba mpaka akome."

"Kwa bunduki gani, mwanangu?" akauliza mpishi wa kikosi.

"Subiri."

Sasa, Kidevu hakujua Kiswahili hata cha kuombea chumvi, ila alikuwa na kiherehere cha kuwafurahisha wakubwa. Akataka kuwaamrisha mateka kwa lugha yao. Akamwita Kasuku, akachuchumaa, akainuka, akanyoosha kidole: hii mnaitaje?

"Nisameheni," akajibu Kasuku, uso mkavu kama mwalimu wa hesabu. Na kwa vijineno vya kwao alivyokwisha kuokota, akamwongezea: sisi tunaitikia "hatukusamehe", yaani tupo, mkuu.

Basi kila asubuhi uwanjani, kifua nje: "NISAMEHENI!"

Mateka wote wanainuka kwa pamoja: "HATUKUSAMEHE!"

Mpishi alikuwa anabana kicheko mpaka machozi yanamtoka. Kasuku wala. Alikuwa anaisikiliza ile sauti kama mtu anayekunywa chai polepole. Mwanzoni ilimshibisha. Baadaye ikaanza kumkera, kwa sababu jamaa alikuwa anaomba bila kujua anaomba.

"Huo si msamaha," alimwambia mpishi. "Huo ni ukasuku, na kasuku hapa ni mimi. Nataka aombe anajua."

"Wewe una roho mbaya, aisee."

"Bado hujaiona."

Ndipo wakaja wageni wa kukagua hali ya mateka, pamoja na mkalimani, mama mmoja wa miwani. Kidevu akaona leo ndiyo leo. Mkuu wa kambi akiwa pembeni, akajaza mapafu: "NISAMEHENI!" Likajibiwa. Mkalimani akaganda. Akamsogelea Kidevu, akamnong'oneza.

Kile kidevu kikashuka, kwa mara ya kwanza. Mkono wake ukaenda kwenye rungu, akawaona wageni, mkono ukarudi. Mateka wakaketishwa upya. Kupitia mkalimani, akadai neno la kweli.

"Simameni," akasema Kasuku, kwa adabu zote.

"Simameni!"

Hakuna aliyesogea. Mtu mmoja akajikuna sikio.

"Simameni! SIMAMENI!"

Wageni wakaanza kutazamana. Mkuu wa kambi akamkazia Kidevu macho yasiyohitaji tafsiri.

"Mama," Kasuku akamwambia mkalimani, "naomba umwambie sisi masikio yetu yamezoea neno moja tu. Sasa anajua maana yake. Na akilisema, ageukie nyuma ya ghala, tulipomzika shemeji yangu. Anamkumbuka. Yule wa kikombe."

Mkalimani akatafsiri, sauti yake ikapungua mwishoni.

Kidevu akamtazama mkuu wake. Hakupata msaada. Akageuka polepole kuelekea nyuma ya ghala, akalitoa neno kwa shida, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Nisameheni."

Wote wakamgeukia Kasuku, wakisubiri. Naye alikuwa bado amekaa, miguu ameikunja, anajifuta vumbi gotini.

"Mama, mwambie arudie," alisema. "Wa nyuma hawajasikia."